Gemu la Shenmue III: mashabiki walichanga dola milioni 6.3 na hadithi bado haijaisha. Walinunua nini hasa?

#1 MzeeWaPedi (Dar)
Wakuu habari.

Alfajiri ya 16 Juni 2015 kwa saa zetu, Sony walikuwa jukwaani Los Angeles kwenye maonyesho ya magemu ya E3. Katika mkutano huohuo walituonyesha kwamba The Last Guardian bado lipo hai, wakatangaza Final Fantasy VII linaundwa upya, kisha akapanda Yu Suzuki, mtunzi wa magemu ya Shenmue, kusema Shenmue III litatengenezwa iwapo mashabiki watachanga kupitia Kickstarter, jukwaa la kuchangisha pesa mtandaoni. Lengo dola milioni 2. Milioni ya kwanza iliingia chini ya saa mbili, na lengo lote likatimia kabla hakujapambazuka California. Kampeni ilipofungwa Julai, wachangiaji 69,320 walikuwa wametoa dola 6,333,295.

Gemu likatoka 19 Novemba 2019, miaka 18 baada ya Shenmue II. Unalimaliza, na shujaa wake, Ryo Hazuki, bado hajalipiza kisasi cha baba yake. Anakutana uso kwa uso na Lan Di, muuaji wa baba huyo, anazidiwa, safari inaendelea.

Dai langu ni hili: zile pesa zilitumika zaidi kuwaonyesha wenye mitaji kwamba soko lipo. Wenye mitaji wakaingia, na kuanzia hapo mchangiaji hana hisa wala sauti. Mtu anayetoa pesa miaka minne kabla ya kitu kuwepo anastahili zaidi ya nakala moja na jina lake kwenye orodha ya mwisho. Karibuni.

#2 KisauniBoy (Mombasa)
Yakhe, ungeweka onyo juu! Mimi bado niko kijijini Bailu nakata kuni, wewe ushanimalizia habari za Lan Di.

#3 FundiChipu (Arusha)
Mleta uzi, tuanze na jinsi mambo yanavyokwenda, maana wengi wanachanganya. Kickstarter si duka. Unaahidi kiasi, kadi yako haikatwi mpaka lengo litimie, na lisipotimia hakuna anayelipa hata senti. Likitimia, jukwaa linachukua asilimia 5, halafu gharama za kupitisha malipo ni kama asilimia 3 hadi 5 nyingine. Kwenye milioni 6.3 hapo tayari zaidi ya nusu milioni imeondoka. Bado diski, vitabu vya picha, fulana na posta ya kwenda nchi kibao. Kinachobaki ndicho kinaajiri watu.

Unapochangia unakubali kwamba kitu kinaweza kisitoke. Wangesema wanauza gemu ningekuunga mkono asilimia mia.

#4 Nahodha_wa_Pili
Hapo ndipo tatizo lilipo. Shenmue la kwanza liligharimu dola milioni 70. Unawezaje kufanya mwendelezo wake kwa milioni 6? Walidanganyana pande zote mbili.

#5 BintiTanga
Nahodha, hiyo 70 ilizagaa miaka mingi, lakini Suzuki mwenyewe kwenye mkutano wa watengenezaji wa magemu, GDC 2011, alitaja kama milioni 47, matangazo yakiwemo. Bado ni pesa nyingi mno kwa mwaka 1999, na tofauti na milioni 6 haihitaji maelezo.

Pesa zile unaziona ukicheza. Kwenye mji wa Yokosuka, Japani, wa mwaka 1986 ambako la kwanza linaanzia, kila mpita njia ana jina, nyumba yake na ratiba yake. Mwenye duka anafungua asubuhi, anafunga jioni, ukimfuata unamwona anarudi kwake. Unafungua droo moja moja ndani ya nyumba ya akina Hazuki, kuna tochi, kuna kaseti. Kuna hata chaguo la kucheza kwa hali ya hewa iliyofuata kumbukumbu halisi za hali ya hewa ya Yokosuka ya msimu ule, kwa hiyo siku kulikonyesha theluji kweli, na kwenye gemu inanyesha. Hakuna aliyewaomba vile.

Na ile kazi ya foklifti! Asubuhi mnaanza na mbio, halafu mnahamisha makasha kutoka ghala hadi ghala mpaka mchana, mnakula, mnarudi tena mpaka saa kumi na moja. Una idadi ya makasha ya kutimiza, ukizidisha unaongezewa.

#6 Kamba_na_Nanga (Tanga)
Hapo umenigusa dada. Mimi ndiyo kazi yangu, naendesha foklifti bandarini. Mdogo wangu aliniletea lile gemu kwenye PS4 akaniambia kaka njoo uone kazi yako. Nilicheka mwanzoni, baadaye nikakaa mpaka usiku. Kile kitu cha kukimbizana na idadi ya siku ndicho chenyewe. Ukienda pupa unagonga, unarudi nyuma, unajikuta umechelewa kuliko aliyekwenda taratibu. Sijawahi kuona gemu lingine linalomfanya shujaa aende kazini na kulipwa ujira wa siku.

#7 Ustaadh_Muscat
Assalam alaykum. Mimi napingana na mleta mada kwa heshima zote.

Mashabiki walipewa kile walichokiomba. Nendeni mkalicheze la tatu leo. Unazungumza na kila mtu kijijini, unatafuta fununu za habari, unafanya mazoezi ya kung fu ya kusimama kama aliyepanda farasi, unakusanya mimea na kuiuza, unachezesha vidude vya sarafu. Nguvu zinapungua ukikimbia, lazima ule. Suzuki hakujaribu kulifanya lifanane na magemu ya 2019. Wakosoaji walilalamika kwamba ni la kizamani, lakini wale 69,320 hawakulipia la kisasa.

Kilichobadilika ni sisi. Aliyecheza la pili mwaka 2001 akiwa kijana wa shule, mwaka 2019 ana watoto. Kwa miaka 18 amelijenga gemu kichwani mwake, na hakuna studio duniani inayoweza kushindana na hilo alilolijenga.

#8 MzeeWaPedi
Ustaadh wa alaykum salaam. Nakubali kuhusu mtindo, hata mimi niliupenda. Lakini hujanijibu kuhusu hadithi. Kusubiri miaka 18 ili usogee hatua moja, na mwenye kulipia ni mimi, hiyo si suala la kumbukumbu za utotoni.

#9 Ustaadh_Muscat
Tangu zamani Suzuki alikuwa akisema hadithi ni ndefu na ina sura nyingi. Nani alikuahidi kwamba la tatu ndilo la mwisho? Kwenye kampeni hapakuwa na ahadi hiyo.

#10 MzeeWaPedi
Hapakuwa na ahadi, ni kweli. Lakini pesa zilitoka kwa sababu ya shauku ya kujua mwisho, na kila aliyekuwa pale jukwaani alilijua hilo.

#11 SautiYaMchezaji (Nairobi)
Namuunga mkono Mzee na nina ushahidi ambao hamjautaja. Juni 2019, miezi michache kabla gemu kutoka, ikatangazwa kwamba toleo la kompyuta litauzwa kwenye duka la mtandaoni la Epic Games Store peke yake kwa mwaka mzima. Watu walikuwa wamechangia wakitarajia duka la Steam. Kelele zikawa nyingi, na mwishowe ikabidi wachangiaji wapewe nafasi ya kurudishiwa pesa.

Angalieni mfuatano wenyewe. 2015 mashabiki wanachanga. Agosti 2017 Deep Silver anaingia kama mchapishaji. 2019 makubaliano ya duka. Kila mpya aliyeingia aliingia na mkataba. Shabiki aliyetangulia kuliko wote ndiye pekee asiyekuwa nao.

#12 FundiChipu
Msee, na bila Deep Silver na wengine, mngepata gemu gani? Wakati wa kampeni Suzuki mwenyewe alieleza kwamba ulimwengu ulio wazi kikamilifu ungehitaji kama milioni 10. Hazikufika. Wakati ule ndiyo ilikuwa rekodi ya gemu kwenye Kickstarter, ilipita zile milioni 5.5 za gemu la Bloodstained zilizochangwa mwezi mmoja kabla, na bado ilikuwa haitoshi. Kwa hiyo ama mnakubali mwenye mtaji aingie, ama mnakubali gemu dogo. Vyote viwili huwezi kuvikataa.

#13 Mkunazi
Nimefuata uzi tangu asubuhi. Naona mnaizungumzia Shenmue kama vile ndiyo mfano pekee. Tazameni na mengine.

Wasteland lilitoka 1988. Kwa miaka mingi mtengenezaji wake, Brian Fargo, alikuwa hapati mchapishaji wa kulipa pesa za mwendelezo. Machi 2012 akaomba dola laki 9 kwa mashabiki, akapata karibu milioni 3 kutoka kwa watu zaidi ya elfu 61. Wasteland 2 likatoka Septemba 2014, likapokelewa vizuri, na likaja la tatu. Hapo mchango ulifanya kazi kama ulivyokusudiwa.

Bloodstained si mwendelezo kwa jina, maana magemu ya Castlevania ni mali ya kampuni ya Konami, lakini kila mtu alijua Koji Igarashi, aliyewahi kuyatengeneza, anaendeleza nini. Mashabiki walipolalamika kwamba picha ni mbaya, studio ikarudi kazini na kuzirekebisha, kisha ikatoa video ya kulinganisha zamani na sasa. Likatoka Juni 2019, watu wakaridhika.

Halafu kuna Mighty No. 9 la Keiji Inafune. 2013, karibu dola milioni 3.8 kutoka kwa watu waliotamani gemu jipya la Mega Man, alilowahi kulifanyia kazi. Likaahirishwa, likaahirishwa tena, likatoka Juni 2016 na kuwaudhi hata waliolitetea.

Njia ya kuchangisha ni ileile kwa wote. Kwangu mimi tofauti ni aliyeshika usukani: Fargo na Igarashi walijua ukubwa wa gemu wanaloweza kulimaliza. Inafune alilitangaza kwenye kila aina ya mashine iliyokuwepo sokoni, kabla hata halijakamilika.

#14 Nahodha_wa_Pili
Mkunazi, hilo la mashine nyingi ndilo ninalolisema siku zote. Kila pesa ikiongezeka wanaahidi kitu kipya. Milioni hii tutaongeza kijiji, milioni ile tutaongeza lugha, ile nyingine tutaongeza mchezo mdogo. Kazi inaongezeka kuliko pesa. Mtaji ungekuwa wa mchapishaji, angetokea mtu mkali ofisini akasema hiki kata, hiki acha. Mashabiki hawakati kitu, wao wanapiga makofi kwa kila nyongeza.

#15 KisauniBoy
Na Star Citizen je? Gemu la anga la Chris Roberts, yuleyule aliyetengeneza Wing Commander. Kampeni ilianza 2012 na watu wanachanga hadi leo. Imepita dola milioni 700 na gemu kamili halijatoka. Squadron 42, ile sehemu ya hadithi, ilitegemewa 2014.

#16 Nahodha_wa_Pili
Ahsante shekhe, umenimalizia hoja.

#17 RafikiWaAnga (Toronto)
Samahani, mimi ni mmoja wa wachangiaji wa Star Citizen na naomba nisikike. Ninalirusha lile gemu karibu kila wikendi. Meli zipo, sayari zipo, naingia na wenzangu tunabeba mizigo kutoka kituo hadi kituo. Kwangu si kitu cha kusubiri, ni kitu ninachokitumia sasa. Anayetaka kusema nimetapeliwa aniulize kwanza mimi kama najiona nimetapeliwa.

#18 SautiYaMchezaji
Rafiki, hakuna aliyesema umetapeliwa. Swali la uzi ni haki gani anapata anayetangulia kutoa. Wewe umeridhika, hilo ni jema. Asiyeridhika ana njia gani?

Maana lilinikuta. Nilichangia mwendelezo wa gemu moja la mafumbo nililolipenda sana nikiwa sekondari, jina naliacha. Mwanzo habari zilikuja kila wiki: michoro, sauti za wahusika, mtunzi wa muziki anaonyesha kinanda chake. Zikawa za kila mwezi. Halafu ikaja barua ndefu kwamba mtengenezaji mkuu anapumzika kwa sababu za familia, na tangu hapo kimya. Ukiandika kwenye ukurasa wao, mchangiaji mwenzako ndiye anayekujibu kwa kukuuliza kama umesikia lolote. Kiasi changu kilikuwa kidogo. Kinachoniuma ni kwamba nililipigia debe lile gemu kwa marafiki, na wao wakatoa kwa kuniamini mimi.

#19 BintiTanga
Pole sana kaka. Hiyo ya marafiki inauma kuliko pesa.

#20 MamaNuru (Dodoma)
Hodi. Mimi si mchezaji mkubwa, mwanangu ndiye aliyenionyesha uzi. Naona kama mnalumbana juu ya jambo ambalo kwetu tunalijua. Ukichangia harusi unapewa kadi na sahani yako, mengine ni furaha ya kuona harusi imefanyika. Huendi kudai sehemu ya mahari. Waliochangia gemu lao walitaka liwepo, na lipo.

#21 MzeeWaPedi
Shikamoo mama, karibu sana. Lakini harusi niliyoichangia, bwana harusi haanzi kuuza tiketi kwa watu wengine akapata faida. Shenmue III liliingia pia madukani kwa bei kamili. Faida ikipatikana inagawanywa kwa wawekezaji. Hapo ndipo naona mchangiaji amesahaulika.

#22 MamaNuru (Dodoma)
Marahaba baba. Sasa hiyo ya kuuza tena sikuijua. Nitakaa nisome zaidi.

#23 FundiChipu
Mzee, unalolitaka lilishajaribiwa. Gemu la Psychonauts lilitoka 2005, mashabiki wakalia la pili miaka kumi. Desemba 2015 watengenezaji wake, Double Fine, walifungua kampeni kwenye jukwaa la Fig, na pale ungeweza kuchagua: uchangie upewe gemu, au uwekeze upate mgao wa mauzo. Zikapatikana dola milioni 3.8. Lakini ilipofika 2019 Microsoft wakainunua studio nzima, na gemu lilitoka 25 Agosti 2021. Ni gemu zuri sana. Ila jiulize, lilikuwa zuri kwa sababu wachangiaji walikuwa na hisa, au kwa sababu tajiri alikuja akalipa muda wa kulimalizia?

#24 SautiYaMchezaji
Hata kama ni tajiri, yule mwekezaji mdogo alikuwa na karatasi yenye haki yake imeandikwa. Ndicho tunachodai.

#25 Mkunazi
Karatasi ina gharama zake. Ukiuza hisa kwa umma unasimamiwa na mamlaka za masoko ya mitaji, unahitaji mawakili na hesabu zilizokaguliwa. Studio ya watu wanane itaajiri wakili au mchoraji?

#26 Kamba_na_Nanga (Tanga)
Swali la mgeni kidogo. Sisi huku tunaweza kufungua kampeni kama hizo? Mdogo wangu anajifunza kutengeneza magemu, ana michoro ya mji wa Pangani mizuri kweli.

#27 FundiChipu
Kuchangia unaweza, ukiwa na kadi inayokubali malipo ya mtandaoni, hata zile kadi pepe za kwenye simu watu wanazitumia. Kufungua kampeni Kickstarter ni ngumu zaidi. Mwenye kampeni lazima awe mkazi wa mojawapo ya nchi walizoziorodhesha, awe na kitambulisho na akaunti ya benki ya huko. Tanzania na Kenya hazimo.

#28 BintiTanga
Lakini mwambie dogo asikate tamaa. Kiro'o Games wa Yaoundé, Kameruni, walichangisha Kickstarter mwaka 2015 kwa ajili ya gemu lao Aurion, wakavuka lengo lao la yuro 40,000, na gemu likatoka Aprili 2016. Gemu la mapigano lenye hadithi ya Kiafrika kutoka kichwani mwao wenyewe. Yuro 40,000 ukilinganisha na mamilioni tunayoyataja hapa si kitu, na walilimaliza.

#29 Kamba_na_Nanga (Tanga)
Ahsanteni. Nitampa hilo jina alitafute.

#30 Ustaadh_Muscat
Turudi kwenye mada kabla uzi haujapotea. Kuna jambo naliona hamlipi uzito: umri. Yoshitaka Murayama, aliyeanzisha magemu ya Suikoden, alichangisha mwaka 2020 kwa ajili ya gemu la Eiyuden Chronicle, kama dola milioni 4.5. Alifariki Februari 2024. Gemu likatoka Aprili mwaka huohuo. Hakuliona likifika mikononi mwa waliolichangia.

Suzuki amezaliwa 1958. Alitupa Hang-On, OutRun, Virtua Fighter. Wachapishaji walikuwa na miaka 14 ya kumlipa amalizie Shenmue na hawakumlipa. Kama si mashabiki kuchanga, leo tungekuwa tunazungumzia magemu mawili na ahadi. Kwangu huo ndio uzito wa ule mchango: ulinunua muda wa mtu akiwa bado anaweza kufanya kazi. Haki za hisa ni mazungumzo mazuri, lakini yangengojwa yakamilike, Shenmue III lisingekuwepo.

#31 KisauniBoy
Ustaadh hapo nimenyamaza.

#32 Nahodha_wa_Pili
Mimi sijanyamaza. Ukijua muda ni mfupi ndiyo unakata mambo ya kukusanya mimea ili umalize kisasi. Hiyo hoja inamgeukia Suzuki mwenyewe.

#33 RafikiWaAnga (Toronto)
Nahodha, ukiondoa mimea na kuni hiyo si Shenmue tena. Nilicheza la kwanza kwenye Dreamcast, mashine ya magemu ya Sega, ya binamu, nusu ya muda wangu niliutumia kwenye mashine ya kuchezea mishale na kumlisha yule paka mdogo hekaluni. Kisasi kilikuwa sababu tu ya kuzunguka mitaa.

#34 Nahodha_wa_Pili
Kwako wewe. Mimi nilikuwa namtafuta Lan Di.

#35 Chipukizi_04
Habari wakubwa. Mimi nimezaliwa baada ya hayo yote. Aprili 2025 niliona BAFTA, taasisi ya tuzo za filamu na magemu ya Uingereza, wametoa matokeo ya kura ya umma, Shenmue likawa gemu lenye ushawishi kuliko yote, nikashangaa maana silijui. Nianzie wapi, na je, la nne litakuwepo?

#36 BintiTanga
Karibu mdogo wangu. Sega walitoa la kwanza na la pili kwa pamoja Agosti 2018, kwenye PS4, Xbox One na kompyuta. Anza hapo, usiruke la kwanza. Wiki ya kwanza utaona halina haraka, vumilia hadi ufike bandarini. La nne Suzuki anasema anataka kulifanya, na mashabiki hawajaacha kupiga kelele mitandaoni.

#37 MzeeWaPedi
Chipukizi karibu. Na wengine wote, maana nimewasoma hadi mwisho: kesho Suzuki akifungua kampeni ya la nne, masharti yaleyale ya 2015, unatoa au hutoi? Mimi sitoi mpaka aandike kwamba ndilo la mwisho.

#38 Ustaadh_Muscat
Natoa saa ileile.

#39 SautiYaMchezaji
Sitoi. Nitanunua likitoka, bei yoyote.

#40 FundiChipu
Sauti, wote tukisema hivyo litatokaje?

#41 SautiYaMchezaji
Litoke kwa pesa ya mchapishaji. Soko tulishamwonyesha 2015.

#42 Kamba_na_Nanga (Tanga)
Mimi natoa wakirudisha foklifti.